Mguu Uliomeza Fuso

Kama una kidonda mguuni na unasoma haya huku umekificha ndani ya soksi, vua soksi kwanza. Kiangalie. Halafu endelea kusoma.

Mimi naitwa Hamza. Shule niliishia darasa la tano, lakini ukifika soko la Lushoto ukamuuliza mtu yeyote habari za Hamza wa karoti, utaonyeshwa mpaka mlango wa nyumba yangu. Nilianza maisha kwa kubeba kabichi kichwani, kutoka mashamba ya juu, Malindi yetu ya milimani, mpaka barabarani, pekupeku, kwenye utelezi ambao hata mbuzi anaukataa. Kwa miguu ile nilijenga nyumba ya matofali, nikaoa, nikamsomesha binti yangu Zaina mpaka chuo, nikanunua Fuso na kuandika jina langu juu ya kioo cha mbele kwa rangi nyekundu. Sikurithi kitu. Baba aliacha jembe moja ambalo mpini wake umeoza. Bustani ya bondeni, ile yenye maji mwaka mzima, ilikuwa ya mama. Alipewa na baba yake, na alikuwa bado anailima kwa mkono wake. Nayasema haya ili ujue aliyeanguka alianguka kutoka wapi.

Sukari ilinianza kwa kiu. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe, na suruali zikaanza kunivuka kiunoni. Mke wangu, Mama Zaina, akasema twende tukapime. Nikamwambia mtu anayefanya kazi hukonda, wanaonenepa ni wanaokaa.

Siku moja ya vuli nilishinda shambani nikisimamia vijana wakipakia mzigo. Jioni navua buti la mpira, nakuta jiwe ndani, kubwa kama kokwa la embe dogo, limezama kwenye nyama chini ya dole gumba, damu imegandana na soksi. Nilitembea nalo kutwa nzima na sikulisikia. Unajua nilifanya nini? Kesho yake nililipeleka jiwe lile sokoni kuwaonyesha wabebaji.

"Hii ndiyo miguu ya zamani!" nikawaambia. "Nyinyi mnavaa raba, mkikanyaga kisiki mnalia kama watoto."

Shabani, mbebaji wangu wa siku nyingi, akajibu, "Bosi, hiyo si miguu. Hayo ni matairi ya Fuso."

Watu walicheka, mimi nikacheka kuliko wote. Hakuna aliyejua pale kwamba huko kutosikia ndiko ugonjwa wenyewe. Sukari ilikuwa imekwisha kuua mishipa ya fahamu ya miguu, nami natamba.

Zahanati waliniambia nije kila asubuhi kusafishwa kidonda. Nilikwenda mara chache. Benchi la pale ni refu, na magari ya mzigo hayamsubiri mtu anayesubiri kufungwa kitambaa. Nikanunua vidonge vya rangi mbili dukani, nikavifungua, nikamwagia unga wake kwenye kidonda, nikavaa buti. Mama alikuja nyumbani kuleta mboga, akasimama mlangoni akanusa.

"Hamza, kuna kitu kinaoza humu."

"Ni buti, mama."

"Buti halinuki hivyo, mwanangu. Mimi nimezaa, nimeuguza na nimezika. Harufu hiyo naijua."

Kuhusu bima ya afya, hili nitalisema mara moja tu. Waandikishaji walipita kijijini mwaka ule kabla sijaugua. Mama Zaina alikuja na kanga yake imefungwa hela kwenye pindo, anaomba nimwongezee kidogo tuingie kaya nzima. Nikamwambia mbele ya wageni kwamba bima ni ya mtu asiyejua kesho atakula nini, Hamza hospitali analipa taslimu. Wageni wakacheka. Alifungua pindo akarudisha hela kwenye kikundi chake cha akina mama, wale wanaokutana kila wiki kuwekeana na kukopeshana. Hicho kikundi nacho nilikuwa nakiita kikundi cha umbea.

Jua la baada ya vuli lilipowaka, dole likawa jeusi. Nikashuka mlima kwenda hospitali kubwa ya mjini. Pale mapokezi kuna mabenchi ya mbao, watu wamebeba chupa za chai na mikeka kama wamehamia. Nilikaa katikati ya mama mwenye mtoto wa kifafa na mzee mmoja wa Mlalo aliyefunikwa blanketi. Kila jina likiitwa, watu wote wanainua vichwa, hata wale waliokwisha kuitwa. Nikamwona muuguzi, nikamwambia nataka chumba cha kulipia.

"Wodi ya kawaida ina nafasi, mzee. Dawa ni zilezile."

"Mimi nitatembelewa na wafanyabiashara, dada. Hawawezi kunikuta nimelala na watu ishirini."

Nikapewa chumba. Kina dirisha na kiti kimoja cha wageni. Wafanyabiashara walikuja mara moja, wakala machungwa niliyoletewa, wakaondoka. Chumba kilibaki na bei yake kila siku. Mama Zaina alilala sakafuni juu ya kanga pembeni ya kitanda changu, na aliyekuwa analipiwa chumba ni mimi.

Siku ya kulipia upasuaji wa dole nilichechemea mwenyewe mpaka dirishani.

"Dada, hiyo ndiyo bei ya mwisho?"

"Mzee, hapa hatupatani bei."

"Nalipa taslimu lakini."

"Hata ukilipa kwa dhahabu."

Foleni nzima ikacheka. Nilihesabu noti polepole ili wazione. Sikuuliza kama bei ile ina vitambaa, sindano, dawa za baadaye na siku za kulala. Haikuwa nazo. Msomaji, uliza. Sema hivi: "Mpaka natoka mlango ule, jumla yake itakuwa nini?" Usione haya. Kabla ya kununua shamba la karoti nilikuwa nachimbua mistari mitatu kuona karoti zina ukubwa gani, lakini mguu wangu niliununua nimefumba macho.

Dole lilikatwa, na kidonda hakikukubali kufunga. Akiba ikaisha. Ndipo akaja Sudi.

Sudi ni dalali wa mboga huko Dar, tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Alikaa kwenye kile kiti kimoja cha wageni, akanishika mkono.

"Bosi Hamza, wewe si mtu wa kuomba. Wewe ni mtu wa mzigo. Chukua hela, mzigo utanilipa."

"Kwa bei gani?"

"Bei ya leo. Gunia kwa gunia mpaka deni liishe."

"Gunia la kawaida?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Bosi! Lumbesa, bwana. Si wewe uliyetufundisha kushona?"

Kwa asiyejua, lumbesa ni gunia lililojaa mpaka mdomoni, kisha likawekewa kilemba cha karoti juu na kushonwa kwa kamba. Linahesabiwa moja, lakini ndani kuna moja na nusu, na mkulima analipwa la moja. Nyumba yangu ya matofali ilisimama juu ya vilemba hivyo. Wilaya hii hakuna aliyekuwa anasimamisha kilemba kirefu kuliko changu kikafika Dar bila kumwagika. Nikapokea hela za Sudi.

Masika yakaja na mvua ya kukata barabara. Karoti zikapanda bei Dar mpaka watu wakawa wanapiga simu kuzitafuta. Majirani zangu waliuza, wakaezeka mabati mapya. Mzigo wangu ulishuka mlima kwa bei ya siku ile Sudi alipokaa kwenye kiti. Mimi niko kitandani nasafishwa kidonda, Mama Zaina yuko shambani anashona magunia ya Sudi. Alikuja kunitazama, viganja vimechanwa na kamba.

"Miaka yote nawasikia wanawake wa juu wakilalamikia lumbesa," akasema. "Nilidhani wanadeka. Sasa mgongo wangu umenieleza."

Nikamuuliza kama ng'ombe anakamuliwa vizuri.

"Ng'ombe yupi? Si ulimpigia simu ndugu yako amuuze?"

Ng'ombe yule wa maziwa alikuwa wake. Nilikuwa nimesahau kwamba nimeagiza auzwe, au nilijisahaulisha, na ruhusa sikumwomba. Na kuhusu Fuso sikumwambia kabisa. Alilijua alipokuwa amesimama barabarani na ndoo, likapita mbele yake na dereva mgeni, jina langu limefutwa, mahali pake pameandikwa maneno mengine. Aliniambia, "Nilinyoosha mkono kulisimamisha, Baba Zaina. Nilidhani ni wewe umepona." Alikaa pembeni ya kitanda, akageukia dirisha. Siku ile hakuniosha. Aliniosha muuguzi.

Nilihamia wodi ya kawaida kwa sababu sikuwa na namna. Jirani yangu wa kitanda akawa yule mzee wa Mlalo niliyekaa naye benchi. Mlutheri, mkulima, mguu wake umeshakatwa. Asubuhi ya kwanza alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe si ndiye tajiri wa chumba?"

"Ndiye."

"Karibu duniani."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze. Ni yeye aliyenielekeza ofisi ya ustawi wa jamii, mlango mdogo nyuma ya duka la dawa. Nilikuwa nimeupita mlango ule mara nyingi nikidhani ni wa mafukara. Dada wa pale aliniuliza kazi yangu, nikasema mfanyabiashara. Una gari? Nikafungua mdomo kusema ninalo. Nikasema nilikuwa nalo.

"Mzee, msamaha wa malipo sikupi, huo una watu wake. Lakini ungekuja mwanzoni tungekupangia ulipe kwa awamu, kwa mdhamini wa kijijini kwako. Pasingekuwa na haja ya kuuza gari kwa haraka. Mbona mnakuja kwangu mkishamaliza kuuza?"

Basi nawe kama unaugua, tafuta mlango huo siku ya kwanza. Anayekusubiri ulipe mwezi kwa mwezi ni nafuu kuliko rafiki anayekupa leo kwa bei ya leo.

Upasuaji wa pili uliondoa nusu ya wayo. Ulipoingia ubaridi wa kipupwe, ule unaotufunika ukungu huku juu mpaka adhuhuri, weusi ulikuwa umepanda tena. Daktari alikaa chini usawa wangu.

"Tunaweza kuendelea kusafisha na kukata kidogo kidogo. Kila mara utalipia, na siwezi kukuahidi kitu. Au tukate chini ya goti mara moja, kidonda kifunge, urudi nyumbani."

Nikamwambia aendelee kusafisha. Mguu ule ndio ulionitoa kwenye pekupeku. Bila mguu mimi ni nani sokoni? Ila hela haikuwepo tena, na mali iliyobaki kwenye ukoo wetu ilikuwa moja tu, bustani ya mama. Sudi alikwisha kusema yuko tayari kuichukua. Nikatuma neno nyumbani.

Mama alishuka mlima na Mama Zaina kwa basi dogo la alfajiri. Aliingia wodini akiwasalimia wagonjwa wote kitanda kwa kitanda, kama yuko msibani. Alipofika kwangu alikuwa anahema. Kanga ameifunga juu sana, mkono wa kushoto ameubana kwapani.

"Nimezungumza na wazee wa kitongoji," akasema. "Uza. Bustani ni udongo tu."

"Mama, mbona umekonda?"

"Mlima umeniminya."

Akafunua shuka. Mguu mbovu hakuushika, alishika ule mzima, akatoa mafuta kwenye kikapu, akaupaka kisigino kilichopasuka, taratibu, kama alivyokuwa ananipaka asubuhi za shule. Akamgeukia daktari, aliyekuwa anapita kitanda kwa kitanda. Kiswahili chake ni kile cha mtu aliyeishi na Kishambaa maisha yake yote, anakitafuta neno kwa neno.

"Daktari. Mkikata, anapona?"

"Anapona, mama, akishika masharti."

"Na msipokata?"

Daktari akatazama faili. Mama akatikisa kichwa, akafunika shuka. "Ni mguu wako, Hamza. Mimi bustani nimekwisha kuitoa moyoni."

Alipotaka kuinuka alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, akainuka, akakaa, akainuka tena. Mimi mtu wa kupima mzigo kwa jicho nikaona mzigo ule umemzidi. Sikujua ni mzigo gani. Nilidhani ni bustani.

"Kateni," nikasema. "Bustani haiuzwi."

Yule mzee wa Mlalo akasema "Amina" kutoka kitandani kwake, na hakuna aliyemuuliza.

Nilirudi nyumbani kwa magongo, kipupwe bado kiko. Sudi alikuwa anamalizia magunia yake. Salio la hospitali tulipangiwa kwa awamu, na awamu ya kwanza ililipwa na kile kikundi cha umbea, kutoka kwenye mfuko wanaouchangia kwa ajili ya wagonjwa wao. Walikuja na unga na kuni. Mwenyekiti wao akanitazama kisiki cha mguu akasema, "Shemeji, umbea umekutembelea." Nikawakaribisha. Ningesema nini?

Usiku mguu usiokuwepo uliniwasha kidoleni. Hilo wenzangu mtakutana nalo, msidhani mna wazimu.

Sasa nilikuwa mtu wa kushinda nyumbani, jambo ambalo sijawahi kuwa. Nikaanza kumwona mama, aliyehamia kwetu kuniuguza. Hapo kabla nilikuwa namsalimia tu. Niliona halalii ubavu wa kushoto. Niliona anafua kanga zake peke yake, mbali na za wenzake. Nikamwambia Mama Zaina, naye akamwomba mama akubali kuogeshwa. Mama Zaina alitoka bafuni amejishika mdomo. Titi lilikuwa gumu kama jiwe, na lilikuwa limeshapasuka kidonda.

"Tangu lini, mama?" nikamuuliza kupitia mlangoni.

"Tangu vuli."

"Vuli ile ya jiwe langu?"

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

Akajibu kwa Kishambaa, bila ubaya wowote, kama anayeeleza mahali alipoweka jembe: "Mlikuwa na mgonjwa."

Tulimpeleka. Walisema saratani imekwisha kutembea mwilini, wakatupa dawa za kupunguza maumivu na maneno mazuri. Vuli ilipoanza tena, akafa, asubuhi, mvua ndogo inanyesha, amelalia ubavu wa kulia.

Alitaka azikwe pembeni ya bustani yake. Njia ya bondeni ni mteremko wa matuta, na magongo hayana breki kwenye udongo mbichi. Jeneza likapokezanwa mabegani likatangulia, nami nimesimama juu kama mwanamke aliyezuiwa kwenda makaburini. Shabani akarudi. Akachuchumaa mbele yangu, akanipa mgongo.

"Panda, bosi."

"Mimi mzito, Shabani."

"Nimebeba vilemba vyako miaka yote. Panda."

Nilimzika mama nikiwa mgongoni kwa mbebaji wangu. Udongo nilipewa kiganjani nikautupa kutoka kule juu. Tajiri Hamza.

Madaktari wataeleza sukari kuliko mimi. Mimi nakueleza nilichonunua kwa bei ghali. Kidonda kidogo ni cha bei ndogo, kitibu kikiwa hivyo. Kila usiku natazama mguu niliobaki nao, juu na chini, kwa kioo cha Zaina. Kila mavuno natenga magunia mawili, hela yake inaingia kwenye kikundi, mfuko wa wagonjwa, na siigusi hata mbolea ikipanda. Sikopi kwa mazao yaliyo ardhini. Na lumbesa? Siku hizi nanunua kwa mizani. Wenzangu wanasema ugonjwa umenilainisha. Labda. Lakini nawaambia mpaka leo hakuna mwenye mguu mmoja wilaya hii anayeupanda mlima wa Malindi kunishinda mimi, na asiyeamini aje tushindane.

Masika haya waandikishaji wa bima walirudi. Walikaa ofisi ya kijiji, nikafika wa kwanza, mvua au si mvua. Binti aliyekuwa anaandika hanijui, hajawahi hata kusikia Fuso langu.

"Shikamoo. Kaya moja ni watu sita, baba. Nitajie."

Nikamtajia mimi, Mama Zaina, Zaina na wadogo zake wawili. Watano.

"Wa sita?"

"Mama yangu."

Lilitoka lenyewe. Binti akainua kamera yake ndogo. "Yuko wapi? Asogee nimpige picha."

Mama Zaina akanishika mkono juu ya gongo. "Baba Zaina," akasema kwa sauti ya chini, "wa sita hatuna. Tumtafute mtu, tumwingize hata mtoto wa ndugu yako."

"Acha wazi," nikamwambia binti.

"Baba, ukiacha wazi sipunguzi kitu. Bei ni ya sita."

"Najua, mwanangu. Andika hivyohivyo."

Sidai kwamba bima ingemponya mama. Ninachodai ni kwamba angekwenda hospitali. Nikatoa hela, nikalipa ya watu sita kwa watu watano. Mimi Hamza, ambaye miaka yote ya lumbesa sikuwahi kulipia gunia lisilokuwa na kilemba.